Nyota isiyo na jina: kisa cha kopo la Langoni

Kijana alinikuta barazani baada ya sala ya alasiri, akaweka kopo la bati mbele yangu, akasema, "Masalkheri, mwalimu. Nataka unambie hiki kina thamani gani." Lilikuwa kopo la sigara la zamani, la duara, rangi imeshabanduka. Ndani mlikuwa na nyota ya chuma yenye ncha sita, herufi tano za shaba zilizoungana, na barua iliyokunjwa mara nne. Mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuwa akizunguka mitaani alikuwa ameshatoa bei ya shilingi 3,000. Injini ya boti ya kijana imekufa, fedha hazitoshi, na nyota imelala tu kashani. Shangazi yake hataki kusikia habari ya kuuza. Ami yake hajasema ndiyo wala la.

Kukataa kwa shangazi nilikuelewa siku ile ile. Kimya cha ami kilinichukua wiki mbili.

Familia imeniruhusu niandike kisa hiki kwa sharti kwamba nisitaje jina la marehemu wala la yeyote aliye hai. Nimekubali, na nimeandika kwa sababu makopo ya namna hii yamo katika nyumba nyingi za pwani, toka Faza hadi Vanga, na mengine huuzwa kabla mtu hajauliza hata swali moja.

Nyumbani kwao, Langoni mjini Lamu, kauli ilikuwa moja miaka yote: babu alipigana Burma, Myanmar ya leo, katika Vita Vikuu vya Pili, na hii ndiyo nyota ya ushujaa aliyopewa huko. Watoto walikua nayo kauli hiyo kama walivyokua na jina la mtaa. Mimi nilianza na chuma chenyewe.

Chuma kinavyosema

Nyota ile upana wake ni kiasi cha mdomo wa kikombe cha kahawa. Katikati pana alama ya mfalme, herufi GRI na namba VI, yaani Joji wa Sita, mfalme na kaisari, na juu yake taji. Kuizunguka alama kuna mkanda mwembamba wenye maneno, na maneno hayo yalikuwa yamelika. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikaigeuza nyota pembeni mwa taa mpaka kivuli kikaingia ndani ya mikwaruzo. Nikaona A, nikaona F, nikaona mguu wa R.

Hiyo ni Nyota ya Afrika. Ya Burma ina jina lake.

Nilimwuliza shangazi mbona maneno yamefutika hivyo. Akanieleza bila kusita: kila Shaabani, vyombo vya shaba vinaposafishwa kungoja Ramadhani, kopo hufunguliwa na nyota husuguliwa kwa ndimu na jivu mpaka ing'ae. Tangu yeye mtoto, na sasa amepita miaka 70. Alikuwa akimtunza babake kwa njia aliyoijua, wala sikuwa na neno la kumlaumu. Lakini aliye na nyota kama hii asiisugue. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, chuma laini, na kila ndimu huondoka na herufi yake. Ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, iwekwe mbali na unyevu wa chumvi, basi.

Sasa masharti yake. Nyota ya Afrika ilitolewa kwa aliyeingia, hata kwa siku moja, katika maeneo ya vita ya Afrika Kaskazini kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943, au katika vita vya Uhabeshi, Somalia na Eritrea kuanzia tarehe hiyo hiyo ya Juni hadi 27 Novemba 1941. Hakuna sharti la ushujaa. Nishani za ushujaa ni nyingine kabisa, na kila moja hutolewa kwa mtu mmoja kwa tendo moja. Nyota hizi ni za kampeni: ulikuwako, umeipata. Zilitolewa kwa wingi mkubwa, ndiyo maana mnunuzi hakutaja bei kubwa.

Kijana aliposikia hayo uso ulimshuka. "Kwa hivyo si ya Burma, wala si ya ushujaa." Nikamwambia asubiri, maana tumesoma kitu kimoja tu, na kopo lina vitu vitatu.

Akageuza nyota, akatazama nyuma na ukingoni, akauliza, "Na jina lake liko wapi?"

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Nishani za Vita Vikuu vya Kwanza, zile za duara, zilipigwa chapa ukingoni: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Ukiwa na ile ya babu wa babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, mwaka 1916, izungushe polepole penye mwanga na huenda ukamsoma. Lakini katika vita vya pili serikali ya Uingereza iliamua nishani za kampeni zitoke bila majina. India, Afrika Kusini na Australia ziliandika za askari wao. Za askari wa Afrika Mashariki zilitoka tupu. Nimewasikia watu wakisema hiyo ni dharau kwa Mwafrika. Katika jambo hili moja si kweli, kwa sababu askari aliyezaliwa London naye alipewa nyota tupu. Dharau ilikuwako, ila mahali pengine, na nitafika.

Matokeo yake ni kwamba nyota ikishatoka nje ya nyumba inakuwa nyota ya yeyote. Duka la vitu vya kale haliwezi kusema ilikuwa ya nani. Ukingo ulioandikwa jina la askari huyu ni midomo ya shangazi na ami, na hao wawili ndio waliobaki.

Herufi tano

Zile herufi za shaba zilikuwa EAASC. Ni alama ya begani ya kikosi cha uchukuzi na ugavi cha majeshi ya Afrika Mashariki: madereva, makarani wa stoo, watu wa mafuta, maji na chakula. Shangazi alipoulizwa kazi ya babake jeshini alijibu "askari". Nilipomwuliza aliporudi alifanya kazi gani akasema, "Aliendesha lori la mtu Malindi, hata akachoka, akarudi baharini." Alikuwa dereva, basi.

Hili nalo kijana hakulipenda. Alikuwa na picha ya babu na bunduki. Nitasema ninavyoona. Maafisa wa Kiingereza walikuwa na itikadi yao kuhusu makabila gani ni ya vita na gani si ya vita, na watu wa pwani hawakuwa katika orodha ya kwanza. Mvulana wa Lamu aliyejua kusoma khati, anayeelewa Kiarabu kidogo, aliyezoea mashine ya mashua, alipelekwa kwenye usukani au kwenye kalamu. Na vita ile ya Somalia ilikuwa vita ya malori. Kati ya mto Tana na mto Juba ni nyika kavu. Jeshi halikuzuiliwa na Waitaliano peke yao. Kiu nayo ilikuwa adui, na kila tone la maji lilibebwa. Aliyebeba maji yale ndiye aliyeamua nani afike.

Shangazi alikuwa na neno moja la babake kuhusu safari hiyo, na alilitoa kana kwamba ni jambo la kawaida: "Alisema aliingia Kismayu kwa lori, akashuka, akenda kuwaamkia jamaa."

Neno hilo nimelala nalo siku kadhaa. Majeshi ya Waingereza yaliingia Kismayu tarehe 14 Februari 1941, siku tatu baada ya kuuchukua mji wa Afmadu. Mogadishu ikaanguka tarehe 25 ya mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, siku 51 tu baada ya Kismayu. Hivyo ndivyo vita vinavyosimuliwa, kwa miji iliyoanguka. Lakini kwa Mbajuni, mtu wa visiwa vya toka Lamu hadi Kismayu, huko hakukuwa nchi ya adui. Ilikuwa bandari ya pili ya ukoo. Mashua zilikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, watu wakioana huku na huku. Hata serikali ilikuwa moja: Jubaland, jimbo lenye Kismayu, ilikuwa chini ya Kenya mpaka mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia. Askari wetu alizaliwa kabla ya mwaka huo. Mpaka aliouvuka akiwa amevaa sare ulikuwa haujatimiza miaka 16, yaani mpaka wenyewe ulikuwa mdogo kuliko yeye. Alipewa Nyota ya Afrika kwa kwenda kuwaamkia shangazi zake.

Na vita vile havikuwa mbali na pwani yetu. Oktoba 1940 ndege za Kitaliano ziliangusha mabomu Malindi. Wazee wa huko waliyahadithia mabomu hayo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza imekaa sawa. Nyota ni ya kweli, ni ya Afrika, na inalingana na kauli ya shangazi. Iliyobaki ni Burma.

Barua na tarehe yake

Barua imeandikwa kwa Kiswahili, khati ya Kiarabu, kalamu ya risasi, kwa mamake. Sehemu kubwa ni salamu. Aliyezoea barua za zamani za Lamu anajua: salamu ndiyo barua, habari huja mwishoni kwa mistari mitatu. Hataji mji wala nchi, maana barua za askari zilipita kwa wakaguzi na majina ya mahali yalikatazwa. Anasema mvua za huko zimemchosha. Anasema wanamezeshwa vidonge vya manjano mpaka ngozi nayo inageuka manjano, asije akashtuka mtu akimwona. Kisha anasema wamevuka mto mpana sana, wa tope, juu ya daraja la chuma linaloelea, na kwamba lori lake lilipokuwa juu yake alisoma kila dua anayoijua.

Na chini kabisa, kama mtu yeyote wa Lamu wa wakati ule, aliweka tarehe ya Kiislamu: 5 Muharram 1364.

Nilipoibadilisha niliinuka kitini. Muharram wa 1364 uliandama katikati ya Desemba 1944, kwa hiyo barua iliandikwa karibu na tarehe 20 au 21 ya mwezi huo, ukiacha nafasi ya siku moja ya kuandama mwezi. Wakati huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilikuwa imeshuka bonde la Kabaw huko Burma. Ilishuka katika mvua za masika, barabara zikigeuka uji, chakula na risasi vikiangushwa kutoka angani kwa parachuti pale malori yaliposhindwa. Malaria iliwaangusha watu kuliko risasi, na dawa yake wakati ule ilikuwa mepakrini, kidonge cha manjano chenye tabia hiyo hiyo ya kuipaka ngozi rangi. Mwanzoni mwa Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Tarehe 10 Desemba 1944 wahandisi walimaliza kuutandika mto huo daraja la Bailey, la vipande vya chuma vinavyounganishwa, lenye urefu wa futi 1,154, meta 350 hivi, likibebwa na maboya. Wakati huo halikuwako daraja la Bailey refu kuliko hilo duniani.

Mvua, vidonge, mto wa tope, daraja la chuma linaloelea, na tarehe siku kumi baada ya daraja kukamilika. Mkaguzi alizuia jina la mto akaiacha Muharram ipite.

Kwa hiyo mdomo wa familia ulikuwa sahihi kuhusu Burma, na chuma kilikuwa sahihi kuhusu Afrika. Mtu mmoja aliwahi vita vyote viwili. Kosa la nyumbani lilikuwa kuvitia katika nyota moja.

Hapa niingize jambo la pembeni, kwa sababu lilitaka kunipoteza. Binamu wa familia aliye Mombasa alinipigia simu akasisitiza kwamba babu aliponea chupuchupu ndani ya Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Kilindini kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa dakika chache mno. Walikuwamo watu 1,511, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Walikufa 1,297. Sikulikubali dai hilo. Waliookoka ni kidogo zaidi ya 200 na askari wetu hakuwa wa mizinga. Tena bintiye, aliyesikiliza kila hadithi yake kwa miaka 30, hakuwahi kuisikia hiyo. Alichosikia ni kwamba babake aliwajua watu waliopanda meli ile na hawakuonekana tena. Pwani nzima ilikuwa na mtu aliyemjua mtu ndani ya meli ile, na huzuni kubwa huwa na tabia ya kuhama kutoka kwa jirani ikaingia nyumbani kwako. Majina ya wale wasio na kaburi yako Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki. Mwenye jamaa yake aende akayasome.

Ufunguo

Ikiwa alikuwa Burma, alistahili Nyota ya Burma, iliyokuwa ya kila askari aliyeingia katika eneo la vita lile kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Kwa miaka yake ya utumishi alistahili pia nyota ya 1939–45, na ile nishani ya duara ya vita yenye simba anayekanyaga joka la vichwa viwili. Simba shangazi anamkumbuka. Ilianguka kisimani yeye akiwa mdogo na alichapwa kwa ajili yake. Lakini nyota nyingine? Akatikisa kichwa. Ami, aliyekuwa ameketi penye kizingiti, akatazama nje.

Nilirudi wiki iliyofuata kuitazama barua tena. Shangazi akainuka kufungua kasha, akatoa ufunguo kifuani. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa kamba bapa ya rangi ya majivu, chafu kwa mafuta ya mkono. Kamba ilikuwa na fundo kubwa. Pembeni mwa fundo, pale uzi ulipolegea, niliona kitu cha rangi ya chungwa.

Nikamwomba anipe nilifungue. Fundo la miaka 50 halifunguki kwa kucha. Alileta sindano ya kofia, ile ya kushonea vishimo, na akalifungua mwenyewe, mimi nikishika taa ya simu. Kitambaa kilipokunjuka, sehemu iliyojificha ndani ya fundo ilikuwa mpya kana kwamba imetoka dukani: samawati iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, na katika kila upande wa samawati mstari mmoja wa rangi ya chungwa.

Huo ni utepe wa Nyota ya Burma. Hakuna nishani nyingine yenye utepe huo. Ule wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga, na mistari ya nyekundu, samawati iliyoiva na buluu ya mbingu.

Nilipolisema hilo, ami alitoka kizingitini akaja kuketi sakafuni karibu na dadake. Akasema yeye ndiye aliyeiuza. Mwaka 1974, akiwa na miaka 12, siku zile Lamu imejaa wageni vijana wenye nywele ndefu. Mmoja alimpa saa ya mkono na shilingi 20. Utepe ulikuwa umeshachanika kwenye kishikizo, mgeni akachukua chuma peke yake, naye akaurudisha utepe kopoini ili kopo lisiwe jepesi mno. Saa ilisimama kabla ya mwezi kwisha. Kwa miaka 50 alijua siku moja mtu atauliza nyota ya pili iko wapi, ndiyo maana mpwa wake alipotaka kuuza ya kwanza hakuweza kumkataza. Angemkataza kwa uso gani? Alijifariji kwamba babake alikufa mwaka 1983 bila kujua.

Shangazi akamwacha amalize. Kisha akasema, kwa Kiamu chake cha polepole, lahaja ya Lamu: "Babako aliyua. Alifungua kopo, akauona utepe pweke yake. Hakunena neno. Alinipa mimi, kanambia fungia ufunguo wako usipotee."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mimi nilijitia kuikunja barua.

Uamuzi wangu juu ya kisa hiki

Kijana alikuwa bado na swali lake, na lilikuwa swali la haki: kama hakupiga risasi na nyota si ya ushujaa, tunamweka wapi babu? Nilimjibu kwa daraja la Kalewa. Mtu aliyezaliwa kisiwani, mahali pasipokuwa na magari, alijifunza usukani, akabeba maji nyikani hadi Kismayu na mbele yake, akavuka bahari, akapita bonde ambalo malaria ilimaliza vikosi, akaliendesha lori juu ya chuma kinachotikisika meta 350 huku akisoma dua. Sare haikumtaka apige risasi. Ilimtaka afike, naye alifika. Siuiti huo ushujaa wa nishani, ila sijui neno jingine linalomfaa.

Na sasa ile dharau niliyoahidi. Vita vilipokwisha, askari walilipwa bahashishi ya kuagwa kulingana na miezi waliyotumika. Mwaka 2019 Al Jazeera walitangaza waraka wa serikali ya kikoloni unaoonyesha kwamba Mwafrika katika majeshi ya Afrika Mashariki alipangiwa karibu theluthi moja ya alicholipwa Mzungu wa cheo kile kile, hata pale vyeo na miaka vilipolingana. Hilo lilikuwa jedwali, limepigwa chapa, watu wamekaa mezani wakalipanga kwa rangi. Tena nishani zenyewe hazikuanza kutolewa mpaka mwaka 1948, na wengi walikuwa wameshatawanyika makwao. Wetu alizipata, kwa maneno ya mamake shangazi, kwa kuitwa kwa Disii, mkuu wa wilaya, na kukabidhiwa kikasha cha karatasi. Mtu aliyepewa nyota tupu na theluthi ya haki yake, kisha akaona mwanawe ameiuza moja kwa saa mbovu, akachagua kunyamaza: hilo nalo nimeliandika katika hesabu yake.

Kuhusu kuuza, niliwaambia wazi. Kisheria ni mali ya urithi na haiuzwi na mmoja. Kwa bei, ni kitu cha kawaida sokoni. Kwa ushahidi, ikikaa pamoja na barua, herufi na utepe, ni askari mzima. Ikitoka peke yake ni chuma. Mnunuzi aliporudi shangazi alimkaribisha kahawa na kumwambia haiuzwi. Injini ya boti ilitengenezwa, ami akitoa nusu ya gharama.

Jambo la mwisho tulilofanya lilichukua alasiri nzima. Ami alileta karatasi nzito na kalamu ya wino, kwa sababu yeye ndiye mwenye khati nzuri. Shangazi akatamka jina: la askari, la babake, la babu yake, la ukoo, la mtaa alikozaliwa. Kisha Kismayu, kisha Kalewa, na tarehe zote mbili, ya Kiislamu na ya kizungu. Nami nikaandika yale yale chini yake kwa herufi za Kirumi, ili wajukuu wasiojua khati wasome. Mara mbili shangazi alimsimamisha ndugu yake na kumrudisha nyuma, mara moja kwa nukta iliyosahauliwa chini ya herufi, maana bila ile nukta jina la babu yao lingesomeka la mtu mwingine.

Karatasi ilikunjwa ikaingia kopoini, juu yake herufi tano, juu yake nyota, na utepe wa Burma ukazungushwa juu ya vyote. Ufunguo wa kasha sasa umefungwa kwa upindo wa leso.